Kiwanja ni Changu. Na Mji ni wa Nani?

Limeletwa mbele ya darsa letu suala ambalo kwa kulitazama juu juu ni dogo, lakini mtu akilifikiri ataona kuwa ndani yake mna mambo makubwa. Mtu mmoja katika mtaa wetu ana kiwanja alichorithi kwa babake. Ndani ya kiwanja hicho mna mti wa mkungu wa miaka mingi na kisima cha kale. Mwenyewe ataka kuukata mti, akifukie kisima, ajenge ghorofa nne kutoka ukingo mpaka ukingo, kisha achimbe shimo la choo la kuwatosha wapangaji wake. Majirani wamemwendea wakamsihi auache mti ule, kwa kuwa ndio kivuli pekee kilichosalia katika kichochoro kizima. Naye amewajibu kwa maneno machache: “Kiwanja ni changu na hati ninayo. Nani mwenye haki ya kuniuliza?”

Baadhi ya majirani walinyamaza, wakaona kuwa jawabu hilo halina la kuongezwa. Wengine walikasirika wakasema maneno yasiyofaa kuandikwa hapa. Mwisho pande zote mbili wakatuletea sisi, kila upande ukitumai kuwa tutauunga mkono. Twapenda kulijibu suala hili kwa kirefu, kwa sababu halimhusu bwana huyu peke yake. Kila mwenye nyumba katika Mombasa, Malindi na Lamu, na katika kila mji unaokua kwa haraka, ana suala hili mlangoni mwake.

Lakini kabla hatujamhukumu mwenzetu, insafu yatutaka tuanze na nafsi zetu.

Miaka kadhaa iliyopita, msikiti tunaosomea darsa hili ulikuwa na uwanja wa mchanga ubavuni mwake, na katikati ya uwanja ule palikuwa na mkungu. Madrasa ilikuwa haina fedha, na walimu wakikaa miezi bila ya mshahara. Wakaja wasimamizi wakatuuliza: Je, haifai mti ukatwe, uwanja utiwe saruji, yakajengwa maduka matatu ya kupangisha? Tulishauriana usiku mmoja tu. Tukasema yafaa, tukatoa na dalili. Mti ukakatwa, maduka yakajengwa, kodi ikaingia. Hatukanushi kuwa walimu walilipwa na watoto wakapata madawati. Lakini tazama na upande wa pili. Wazee waliokuwa wakikaa chini ya mkungu ule baina ya adhuhuri na alasiri hawana pa kukaa tena. Wengine wao walikuwa wakikimbia vyumba vya bati visivyokalika mchana, na sasa wamerudi mumo humo. Saruji ya uwanjani wakati wa jua huunguza nyayo. Na mvua ya masika, iliyokuwa ikinywewa na mchanga, sasa huteremkia mlangoni ikaingia mpaka safu ya nyuma. Hayo yote hatukuyapima usiku ule. Tulipima kodi kwa kuwa kodi ina stakabadhi. Kivuli hatukukipima kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiandikia stakabadhi.

Basi msomaji wetu asidhani kuwa anayesema hapa ni mtu aliyesalimika. Anayesema ni aliyekosa, akaliona kosa lake kila siku aendapo kusali.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Watu wa Mombasa walipohisabiwa mwaka 1962 walikuwa 179,575. Walipohisabiwa 2019 walikuwa 1,208,333, yaani karibu mara saba. Kisiwa, ambacho ukubwa wake ni yapata kilomita za mraba 14, hakikuongezeka hata shibiri moja. Watu wameenea Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na waliobaki kisiwani wamepanda juu kwa ghorofa. Hili si jambo la kulaumiwa. Watu huzaa, na watu huja mjini kutafuta riziki, na mji usiokaribisha mgeni si mji wa pwani. Tukiulizana asili zetu sote, ni wangapi ambao babu zao hawakuja kwa jahazi au kwa miguu? Kwa hivyo hatumwambii mtu asijenge. Watu wataka pa kulala, na anayewajengea afanya jambo la kheri maadamu amejenga kwa njia ya kheri.

Katika mikutano na magazeti twasikia sana siku hizi khabari za “miji yenye akili”: miji yenye kamera katika njia panda, yenye taa zinazojizima zenyewe, yenye mita za maji zinazopeleka hisabu kwa simu. Sisi hatuyapingi mambo haya. Mita inayoonyesha bomba lililopasuka ni neema, na mwenye kuikataa ilhali mji una kiu ni mjinga. Lakini twauliza: akili ni nini? Mtu hawi na akili kwa kuwa ana saa nzuri mkononi. Mwenye akili ni yule ajuaye matokeo ya kitendo chake kabla hajakitenda, na kujua kwake kukamzuia. Mji nao ni vivyo hivyo. Mji wenye akili ni ule ambao mtu akitaka kutenda jambo katika milki yake, khabari ya madhara yatakayompata jirani humfikia yeye kwanza, naye huijali. Katika kujua, vyombo vyaweza kutusaidia. Katika kujali, hakuna chombo kiuzwacho.

Na tushuke basi chini ya kiwanja cha bwana yule, tuone hati yake yafika wapi.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hili liliumbika baharini kabla halijawa nchi kavu, na mpaka leo lina matundu na nyufa. Mvua inyeshapo, maji hupenya humo yakashuka, kisha yakakaa juu ya maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Tabaka hilo jembamba la maji matamu ndilo lililounywesha mji huu karne nyingi, kwa visima vya majumbani na vya misikitini.

Katika hayo yatoka mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtu akitia mashine kisimani mwake akavuta maji kupita kiasi, ya chumvi hupanda, wala hayapandi kwake peke yake. Jirani ambaye hakuvuta hata ndoo moja naye ataonja chumvi ile. La pili ni kwamba sehemu ndogo tu ya mji huu ina mabomba ya majitaka. Nyumba nyingi zina mashimo. Na shimo lililochimbwa katika jiwe lenye nyufa, bila ya kujengwa vyema ndani yake, halihifadhi kitu, bali hupitisha. Kitokacho katika shimo la ghorofa nne hupita chini ya ukuta, kikapita chini ya kichochoro, kikaingia kisimani mwa mjane ambaye mwenye ghorofa hamjui hata kwa jina. Wahenga walisema kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika jiwe letu hili mchimba shimo humwingiza jirani.

Wala asiseme mtu kuwa visima vimepitwa na wakati kwa kuwa twanywa maji ya mfereji. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, zilizounganishwa na mji huu kwa bomba katika miaka ya 1950; chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba; na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Yote kwa pamoja hayajautosha mji, na ndiyo maana maji huja kwa zamu. Zamu isipofika, mwenye uwezo huagiza gari la maji, mwenye hali ya wastani hununua mitungi kwa wasukuma mikokoteni, na asiye na kitu huteremsha ndoo kisimani. Maana yake ni kwamba anayeunywa uchafu wetu ni yule aliye dhaifu kuliko sote. Kipindupindu kimeupiga mji huu si mara moja, na kila mtu ajua ni mitaa gani iumiayo zaidi.

Basi hati ya bwana yule ni sahihi juu ya ardhi, ambako pana mawe ya mpaka. Chini ya ardhi hakuna ukuta. Na hewani hakuna ukuta vilevile. Upepo wa kusi na wa kaskazi haukuandikwa katika hati ya mtu yeyote, lakini mwenye kujenga ukingo mpaka ukingo huuzuia kwa wote walio nyuma yake. Kisha yeye mwenyewe akiona joto limezidi hutia mashine ya baridi dirishani, ambayo humpa baridi ndani na kulitupa joto nje, kichochoroni, kwa wale wale aliokwisha kuwazibia upepo.

Wazee wetu waliyajua haya. Tembea katika Mji wa Kale au Lamu saa saba ya mchana. Vichochoro ni vyembamba, na kwa wembamba wake nyumba moja huitia kivuli nyingine. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, zachelewa kupata moto. Upana wa vyumba umefuata urefu wa boriti za mikoko. Katika nyumba za Lamu birika la maji lilitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na nje ya mlango pana baraza la mawe: mwenye kulijenga ni mwenye nyumba, na mwenye kulikalia ni mpita njia. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni huja kutoka mbali kuustaajabia. Hatusemi turudi tuishi kama walivyoishi wao. Nyumba za mawe zilikuwa za matajiri, na katika waliobeba mawe yale walikuwamo watumwa wasiokuwa na hiari. Kheri ya mji haifai kujengwa tena kwa dhuluma ya namna hiyo. Twasema tu kwamba mjenzi wa kale, alipouinua ukuta, alikuwa na jirani katika hisabu yake.

Na katika sharia na desturi za pwani, milki haikuwa jambo la mtu kujifungia ndani yake. Hapa kwetu mtu aweza kuumiliki mnazi uliosimama katika ardhi ya mwingine. Mitaani watu wengi wamejenga nyumba zao juu ya ardhi isiyokuwa yao, wakawa walipa kodi ya ardhi. Nyumba ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Katika miji ya kale ya Kiislamu makadhi waliwazuia watu kufungua dirisha linaloangalia ua wa jirani, au kuweka tanuri ambalo moshi wake waingia nyumbani mwa watu, ijapokuwa ukuta ni wao na kiwanja ni chao. Msingi wao waujua kila mwanafunzi wa fikihi: kuwa madhara hayana budi kuondolewa, na haki ya mtu katika mali yake hukoma pale inapoanza kuwa dhuluma kwa mwenziwe.

Kwa hivyo jawabu letu la kwanza ni hili: “Kiwanja ni changu” ni neno la kweli, lakini ni nusu ya maneno.

Hapa mwenye kiwanja atasema, naye amekwisha kutuambia: “Mimi nina watoto sita, na kiwanja hiki ndicho nilicho nacho. Nachimba shimo kwa kuwa serikali haikuniletea bomba la majitaka. Wale matajiri waliojenga kando ya bahari hamkuwaendea. Mbona mimi ndiye wa kufanywa funzo?” Maneno haya hatuwezi kuyapuuza, kwa kuwa mna haki ndani yake. Ni wajibu wa serikali ya kaunti na ya taifa kuleta mabomba, na kila mwaka unaopita bila ya mabomba hayo ni deni juu yao. Na ni kweli kuwa watu huwa wepesi kumwonya mdogo na wazito kumwonya mkubwa. Lakini kuchelewa kwa serikali hakuigeuzi sumu ikawa maji. Mtoto wa jirani akiharisha, hatapona kwa kuambiwa kuwa lawama ni ya kaunti. Deni la serikali halikuondoi wewe katika deni lako. Yote mawili husimama pamoja.

Na deni lake mwenye kiwanja laweza kulipika. Shimo lijengwe kwa matofali na saruji, chini na pembeni, liwe tangi la vyumba viwili, na likijaa livutwe na gari badala ya kuachiwa jiwe. Paa la ghorofa likinge mvua iingie katika birika, ili mashine isivute mno. Kisima kisifukiwe, bali kifunikwe na kihifadhiwe, kwa kuwa siku ya dhiki haina tarehe. Na nyumba irudi nyuma kwenye pembe ile yenye mti, hata kama atapungukiwa na chumba kimoja katika kila ghorofa. Hayo matatu ya mwanzo twayaona kuwa ni wajibu wake, kwa sababu kuyaacha ni kumdhuru mtu. Hilo la mwisho, la mti, ni tofauti, na hapa ndipo tutakapowaudhi majirani waliodhani kuwa tuko upande wao.

Enyi majirani, mwautaka mti. Mwaka kwa mwaka mmekaa chini yake, mmeanika nguo chini yake, watoto wenu wameokota kungu zake. Je, mwenye mti mmepata kumpa nini? Alipofagia majani, nani alimsaidia? Leo mwamtaka aache kodi ya vyumba vinne kila mwezi ili nyinyi mpate kivuli, na ninyi msitoe hata shilingi. Hiyo si insafu. Kumzuia mtu asikudhuru ni haki yako. Lakini kumtaka akunufaishe kwa mali yake daima dawamu, bila ya wewe kuchangia, ni kumgeuza mtumishi. Tukumbuke kisa cha kisima cha Ruma huko Madina. Watu walikuwa na dhiki ya maji, na kisima kilikuwa cha mtu akiuza maji yake. Sayyidna Uthman hakukipora kisima, wala hakumsimangia mwenyewe mpaka akakitoa kwa haya. Alikinunua kwa mali yake, kisha akakifanya wakfu kwa watu wote. Manufaa ya umma yalipatikana, na mwenye mali hakudhulumiwa.

Ikiwa mtu aona ajabu kukilipia kivuli, aende Gazi, katika kaunti ya Kwale. Huko wanakijiji tangu 2013 wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wao huihifadhi mikoko na kupanda mingine katika eneo la hekta 117, na kwa kuwa miti ile huifyonza hewa ya kaboni inayozidisha joto la dunia, kuna watu wa nchi za mbali wanaowalipa kwa kazi hiyo. Fedha zile zimekwenda katika maji na shule za kijiji. Mkoko uliosimama umepata stakabadhi, ambayo zamani ilikuwa ni ya mkoko uliokatwa peke yake. Wageni wa ng’ambo wakiweza kuulipia mkoko wa Gazi ambao hawatauona, sisi twashindwaje kuulipia mkungu tunaoukalia?

Atasema mwingine: “Ni mti mmoja tu, mji hautakufa kwa mti mmoja.” Hili ndilo neno lililoua miti yote. Kila mkataji alikata mmoja tu. Tumtazame basi aliyekwenda kinyume chake. Huko Bamburi kiwanda cha saruji kilianza kuchimba jiwe katika miaka ya 1950, kikaacha nyuma yake shimo kubwa jeupe lisilokuwa na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti ndani ya shimo lile. Alijaribu aina 26, zikasimama tatu tu, na katika hizo mvinje ndio uliobeba kazi. Lakini majani ya mvinje yalirundikana chini bila ya kuoza. Akaleta majongoo, wakayala majani, na choo chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale pana msitu na wanyama, na watoto wa shule hupelekwa kuutazama. Ndipo paitwapo Haller Park. Jangwa lile lilifunikwa mti baada ya mti na jongoo baada ya jongoo, kwa miaka mingi. Miji nayo huvuliwa nguo kwa mwendo uo huo, mti baada ya mti, mpaka siku moja watu wakashangaa: joto hili limetoka wapi?

Kuna na hila nyingine ambayo yatupasa tujihadhari nayo, nayo ni ya kujisafisha kwa kumchafua wa mbali. Kwa miaka mingi taka za mji huu zilitupwa Kibarani, kando ya hori ya Makupa, mahali ambapo kila aingiaye kisiwani alipaona na kupanusa. Mwaka 2018 jaa lile lilifungwa, pakapandwa miti na majani, na mji ukapata uso mzuri. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini taka hazikutoweka. Zilipelekwa Mwakirunge, upande wa bara ya kaskazini, ambako nako kuna watu. Sisi tulioacha kuuona uchafu wetu tulidhani kuwa tumeumaliza. Mji ukihamisha madhara kutoka kwa jirani anayeonekana kwenda kwa jirani asiyeonekana, umeongeza uzuri na haujaongeza akili. Kinyume chake ni jambo la mifuko ya plastiki. Mifuko ile ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Wengi walisema biashara itakufa, haikufa. Watu walirudia vikapu, na mitaro ikapungua kuziba. Pale madhara hayakuhamishwa, bali yalizuiwa katika asili yake, na kila mtu alichukua sehemu yake ya taabu.

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa mwenye kuwapa watu hukumu hana budi aonyeshe atakalolifanya yeye. Katika mji wa kale wa Sana’a, huko Yamani, misikiti mingi ina bustani pembeni yake, na bustani zile zimekuwa zikinyweshwa kwa maji yaliyokwisha kutumiwa kwa udhu. Hapa Mombasa wamo wengi ambao asili zao ni Yamani, lakini desturi ile hatukuiiga. Maji ya udhu hayana najisi wala mafuta; hutiririka mara tano kila siku, na sisi huyaelekeza shimoni pamoja na ya chooni. Huu ni upotevu ambao hatuna udhuru nao, khasa sisi tunaofunzwa kuwa israfu ya maji ni makosa hata kwa aliye ukingoni mwa mto.

Tumekubaliana katika darsa letu mambo matatu. Kwanza, duka la pembeni katika yale matatu, mkataba wake utakapomalizika, halitapangishwa tena. Litavunjwa, na saruji iliyo mbele yake itavunjwa pamoja nalo mpaka mchanga uonekane. Upungufu wa kodi tutaulipa sisi wenyewe kwa mchango wa kila mwezi, kwa kuwa shauri lilikuwa letu, na mwalimu wa madrasa hakukosa kitu hata akatwe mshahara. Pili, maji ya udhu yatatengewa njia yake mpaka mahali hapo, na hapo utapandwa mkungu. Tatu, tumewaendea majirani wa bwana yule tukiwa na daftari, ili kila mwenye kukitaka kivuli aandike atakachokitoa kila mwezi kufidia vyumba vile. Twasema kweli bila ya kuficha: mpaka twaandika haya, yaliyoandikwa daftarini yatosha kulipia vyumba viwili, si vinne, na baadhi ya waliopiga kelele sana hawakuandika kitu. Mwenye kiwanja naye amesema atangoja mpaka mwisho wa Kaskazi, kisha ataamua. Kuhusu shimo na kisima amekubali. Kuhusu mti hajakubali wala hajakataa.

Hatujui atakachoamua, na hatutamlaani akiukata. Sisi tuliukata wetu tukiwa na jina la dini mdomoni. Lakini twawauliza wasomaji wetu, kila mmoja ajiulize akiwa peke yake: katika yale nisemayo ni yangu, ni kiasi gani kilichokwisha kuingia kisimani mwa mtu mwingine? Na katika yale ya wenzangu ninayoyafaidi kila siku, kivuli, upepo na njia, nimepata kulipa nini?

Mkungu tutakaoupanda msikitini utachukua miaka mingi kabla haujamfunika mzee mmoja. Wengi wetu hatutaukalia. Tumefunzwa kuwa mwenye kupanda mti huandikiwa sadaka kwa kila anayefaidika nao, mtu, ndege au mnyama, hata kama yeye mwenyewe hayupo. Tumekubali kwa malipo hayo, na twamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie kazi hii iwe kafara ya ule tulioukata.